Angesema Inazimua

Punda wetu wa chumvi alikuwa na tabia ya kulamba mzigo wa mwenzake. Wakipangwa kwa msururu kutoka majarubani kwenda bandani, yeye hakubali kutangulia. Atakaa nyuma, ulimi nje, analamba gunia la aliye mbele yake mpaka linalowa na chumvi inaanza kuchuruzika njiani. Msimamizi alimpiga, akamfunga mdomo kwa kamba, akamtukana kwa lugha tatu, punda hakuacha. Mwisho tukamwachia alambe, maana hata kumpiga ni kazi, na jua la pale lilikuwa halitaki kazi mbili kwa mpigo.

Hapo nilikuwa ndiyo kwanza naota ndevu. Majaruba ya chumvi, kaskazini kidogo ya mji wa Bagamoyo, yalikuwa kazi yangu ya kwanza ya mshahara. Kabla ya hapo nilikaa chuoni kwa mwalimu nikahitimu juzuu chache, kisha shule ya serikali mwaka mmoja na miezi, nikatoka najua kuandika jina langu na kusoma la mwenzangu kwa taabu. Elimu yangu iliyobaki yote ni ya chumvi.

Na chumvi kwetu haipikwi, inasubiriwa. Maji ya bahari huingizwa wakati wa bamvua, bahari ikijaa sana, kwenye jaruba la kwanza. Yanakaa, jua linayala, yanahamishiwa la pili, kisha la tatu, na kila yakihama yanazidi kuwa mazito. Yakifika jaruba la mwisho yamekuwa kama mafuta, ukitia mguu unahisi umeshikwa. Hapo chumvi inaota chini kama meno ya mtoto. Kazi yetu ilikuwa kufungua na kufunga vilango vya mbao baina ya jaruba na jaruba, na kukwangua chumvi ikishaota. Nyayo zetu zilipasuka, na kwenye kila mpasuko ikaingia chumvi. Mpaka leo nikikanyaga mchanga wa moto nachechemea kwa mazoea tu, si kwa maumivu.

Basi siku moja msimamizi, mtu wa kuja, aliyejifunza Kiswahili ukubwani tena kwa haraka, akapita jaruba la mwisho, akachovya kidole, akakilamba, akatema.

"Makali haya. Yapunguze," akaniambia, akaenda zake kunywa chai.

Kupunguza, kwa watu wa majarubani, kulikuwa na maana moja: fungua mlango, maji yatoke. Nikafungua. Nikasimama mikono kiunoni kama mwenye mali, nikiyatazama maji ya siku ishirini yakikimbilia kwenye mikoko.

Aliporudi alishika kofia yake kwa mikono miwili. "Nani amekwambia umwage?"

"Wewe, bwana. Umesema nipunguze."

"Nimesema upunguze ukali! Utie maji ya jaruba la tatu, yachanganyike!"

"Hilo si kupunguza, bwana."

"Ni nini basi?"

Akajibu mzee mmoja wa Kizaramo aliyekuwa anakwangua chumvi, hata mgongo hakuunyoosha: "Hilo ni kuzimua, bwana mkubwa. Kama tui. Tui likiwa zito unalizimua kwa maji. Ukimwambia huyu alipunguze, atalimwaga, na wageni wako watakula wali mkavu."

Watu wakacheka, hata msimamizi akacheka, ingawa cheko lake lilikuwa la hasira. Nilisimamishwa kazi wiki mbili, nikarudishwa kwa sababu hakupatikana mwingine wa kukubali kukaangwa juani. Na kwa miaka, kila nilikopita, watu hawakuniuliza hali. Waliniuliza: "Je, umepunguza leo?"

Neno hilo lingeishia katika kicheko hicho, ningelifurahi.

Hata mke nilimpata kwa kicheko hicho. Alikuwa mtu wa Mlingotini, na mama yake akituletea majarubani mihogo ya kuchemsha. Siku ya kwanza kuja naye, binti akaniangalia, akaangalia jaruba, akasema, "Wewe ndiye uliyemwaga chumvi ya watu? Nilidhani utakuwa na uso wa kipumbavu zaidi." Nikamwambia uso wa kipumbavu nimeuacha nyumbani, aje auone. Mama yake akamfinya, lakini si sana. Haukupita mwaka akaja kuuona.

Alikuwa mshonaji wa kofia, hizi nyeupe za kushonwa kwa mkono, zenye vitobo. Kofia moja ilimchukua miezi miwili au zaidi, na katika vitobo vyote vile hutaona kimoja kilichokwenda upande. Watu walimletea kazi kutoka hata Unguja. Alikuwa akishona mlango wa uani, mguu mmoja ndani, mmoja nje, anazungumza na mimi na jirani na kuku kwa wakati mmoja, na sindano inakwenda bila yeye kuitazama. Mungu alitupa watoto wawili akawachukua wachanga. Baada ya hapo tulikuwa sisi wawili, tukazoeana namna watu wanavyozoeana wakiwa hawana mtu wa tatu wa kupatanisha.

Tulikwishakaa miaka kumi na kitu, na barazani watu walikwishaanza kuzungumza mambo ya uhuru kwa sauti ya chini, mikono yake ilipoanza kutetemeka. Kwanza akasema ni sindano mbovu. Akanunua nyingine. Kisha akasema ni njaa, maana alikuwa akila kama watu wawili na bado anakonda, vidole vimekuwa vijiti na pete inazunguka. Joto likamshika. Mimi najifunika, yeye anatandika mkeka kwenye sakafu tupu. Hasira zikaja, na yeye hakuwa mtu wa hasira. Na macho yakatoka.

Siku moja nilimsindikiza soko la samaki. Muuzaji, kijana wa maneno mengi, akaweka kisu chini.

"Mama, mbona unanikodolea macho? Huyu changu nimekuibia wewe?"

"Haya ndiyo macho yangu, mwanangu."

"Mwezi jana hukuwa nayo."

Watu wakacheka. Mke wangu naye angelicheka, zamani. Siku ile alilia njia nzima, na nilipomwambia yule ni mpuuzi tu, alinigeukia akanitukana, kisha akashika mdomo wake mwenyewe kwa kushangaa.

Tena shingo ikavimba mbele. Rovu. Hapo ndipo maneno ya mji yakapata pa kukaa, kwa sababu kwetu rovu ni ugonjwa wa watu wa milimani, wanaokosa chumvi ya bahari. "Mke wa mtu wa chumvi ana rovu? Mume anamlisha nini?" Wengine wakasema jini. Tukamnywesha kombe, aya zimeandikwa sahanini kwa zafarani, zikaoshwa, maji akanywa. Alipata utulivu wa roho, nashuhudia, lakini mikono haikutulia.

Miaka mingi baadaye muuguzi mmoja, jirani yangu, alinieleza kwamba rovu la mke wangu halikuwa lile la kukosa chumvi. Alisema mwili una walinzi wake wa kupigana na maradhi, na kwa baadhi ya watu walinzi hao hukosea, wakaligeukia tezi la shingoni, wakalichapa lifanye kazi bila kupumzika, kama yule msimamizi na punda. Tezi likikimbizwa, na moyo unakimbizwa. Nilimwelewa mara moja. Yule muuguzi alijua kusema na watu wa aina yangu, na nilitamani sana angelikuwa amezaliwa mapema.

Sasa asubuhi moja mke wangu alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Kifuu kikamtoka mkononi kikabingirika. Akakiangalia. Nikamwambia, "Okota." Mkono wa kulia haukwenda. Akataka kuniambia jambo, na mdomo ukaenda upande. Kabla ya adhuhuri vyote vilirudi, mkono na mdomo, akasema ni ganzi tu. Lakini mimi nilikwishaogopa. Kesho yake tukapanda lori la nazi kwenda Dar es Salaam, hospitali.

Daktari alikuwa Mzungu mrefu, mwenye mikono baridi na haraka kidogo, lakini si mtu wa dharau. Alimsikiliza kifuani muda mrefu, hata nikadhani amelala. Aliyetutafsiria alikuwa dresa, msaidizi wake wa hospitali, mtu wa bara, Mkristo wa misheni, Kiswahili chake kimenyooka cha shule.

"Daktari anasema hili tezi limeukimbiza moyo," dresa akasema. "Moyo ukienda ovyo, damu nyingine inabaki pembeni ndani yake, inaganda, kama maziwa. Donge dogo lilitoka likapanda kichwani, ndilo lililomkosesha mkono. Likitoka kubwa, hatutampata tena."

Tukapewa dawa mbili. Moja matone machungu ya rangi ya kahawia, ya kutia kwenye maziwa, kwa ajili ya shingo. Ya pili vidonge vidogo kwenye kikopo cha bati.

"Hivi," dresa akasema, "vinapunguza damu."

"Vinapunguza damu?"

"Ndiyo. Vinapunguza damu."

Akaendelea kunihesabia masharti. Asimeze aspirini. Asipigwe chuku kutolewa damu. Asing'olewe jino. Akiona damu kwenye fizi, au mkojo mwekundu, tuje mbio. Kila baada ya wiki mbili, Alhamisi, tuje apimwe. "Na chakula ale kama alivyozoea siku zote, asibadilishe."

Niliyashika yote, nikayarudia njiani kama mtoto anayetumwa dukani. La mwisho tu ndilo sikulishika, kwa sababu halikuwa na sura ya sharti. Lilisikika kama adabu ya kumuaga mgonjwa.

Simlaumu dresa. Watu wengi hata leo husema hivyohivyo. Lakini nadhani hapakuwa na mtu mwingine pwani nzima ambaye neno lile lilimwingia kama lilivyoniingia mimi. Nilipolisikia niliona kilango cha mbao kinafunguliwa na maji yanakimbilia mikokoni.

Mwezi wa kwanza alipata nafuu, na sikufikiri sana. Matone yalimtuliza. Alilala kitandani tena, akajifunika shuka. Siku moja nikamkuta mlangoni pake pa uani, mguu mmoja ndani, mmoja nje, kitambaa cheupe mapajani.

"Ya nani hiyo?" nikamuuliza.

"Ya mtu mmoja mwenye kichwa kikubwa kisicho na kitu ndani."

"Atavaa lini?"

"Sikukuu ya Idi, mikono ikinikubalia."

Kisha akapiga mswaki asubuhi moja, mswaki ukatoka mwekundu. Tukaenda mbio kama tulivyoambiwa. Daktari akachukua damu yake mkononi, akaitia kwenye vichupa vya kioo, akawa anaviinamisha huku na huku akitazama saa yake. Muda ulikuwa mrefu, na damu ile ilikuwa inakwenda na kurudi kama maji. Akapunguza vidonge, akasema hakuna la kuogopa.

Mimi nikaogopa. Njia nzima ya kurudi niliangalia viganja vyake na kuviona vyeupe. Nikasema moyoni, wamefungua mlango, wanamkausha huyu, na aliyeweka mkono kwenye mlango ameenda kunywa chai.

Na kwetu kila mtu anajua damu inarudishwa na nini. Mzazi aliyetoka damu, mtoto aliyetoka homa, wote wanapewa majani. Nikapanda matembele nyuma ya nyumba, pale maji ya bafuni yanapotokea, yakashika upesi kuliko kitu chochote nilichowahi kupanda. Kisamvu nikikipata kwa jirani, nakitwanga mwenyewe, mwanamume mzima na mchi, wapita njia wananicheka. Mchicha nikaununua. Kabla ya hapo nyumba yetu ilikuwa ya samaki na wali, majani labda mara moja kwa wiki. Sasa yakawa mchana na jioni, kila siku iliyokuja.

"Leo nini?" akiniuliza, na anaona.

"Kisamvu."

"Jana?"

"Matembele."

"Na juzi mchicha. Hebu niambie, bwana, ulioa mke au mbuzi?"

"Majani yanaongeza damu."

"Basi siku nikilia mee usinichinje." Akatia tonge, akatafuna, akanionyesha anavyotafuna. "Daktari amesema nile nilivyozoea. Mimi nimezoea samaki."

"Daktari anapunguza, mimi naongeza. Tutakutana katikati."

Akaweka mkono sahanini, akanitazama na yale macho yake makubwa, ambayo siku hizo yalikwishaanza kurudi ndani. "Kupunguza tena? Neno hilo halikukupenda tangu majarubani."

Alisema kwa utani. Nami nikacheka, nikamwongezea upawa mwingine. Nimeishi miaka mingi baada ya siku ile, na nimesikia maneno mengi ya watu wenye elimu, lakini hakuna aliyewahi kunipa nafasi ya wazi kama ile. Alinitajia neno lenyewe, akanitajia na mahali liliponiangusha, nami nikamjibu kwa upawa.

Alhamisi iliyofuata daktari akaviinamisha tena vile vichupa. Mara hii hata saa yake hakuitazama sana, damu ilikwishasimama. Akakunja uso. Mimi nikatabasamu. Nakwambia kweli, nilitabasamu mbele yake, maana kwa macho yangu damu ile nzito ilikuwa ni damu iliyorudi.

"Daktari anauliza, vidonge anameza?" dresa akasema.

"Anameza mbele ya macho yangu, wallahi."

"Kuna dawa nyingine? Ya kienyeji? Daktari hagombi, anataka kujua tu."

"Hakuna, bwana dresa. Hata kombe tumeacha."

Na ilikuwa kweli. Dawa ya kienyeji ni mizizi, ni magome, ni kitu unachopewa na mtu. Matembele ni mboga. Aliponiuliza dawa, nilitafuta kichwani mwangu kwenye kabati la dawa, sikutafuta jikoni. Mke wangu alifungua mdomo kama anayetaka kusema, kisha akaniangalia mimi na tabasamu langu, akaufunga. Sijui alitaka kusema nini. Pengine alitaka kusema habari ya mbuzi, akaona haya kutania mbele ya Mzungu. Nimeuwaza mdomo ule mara nyingi.

Daktari akaongeza vidonge. Mimi niliporudi nikalima tuta la pili. Wiki mbili nyingine akaongeza tena. Nikaongeza nami. Tukawa tunashindana, mimi na yeye, na mmoja wetu hajui kuwa kuna mashindano. Mke wangu alikuwa jaruba, huku mlango umefunguliwa, huku maji yanatiwa, na yeye mwenyewe anashona kofia. Shingo imepungua, mikono imetulia, uso umejaa. Majirani walinipongeza. Yule kijana wa samaki alimwambia, "Mama, macho umeyarudisha kwa mwenyewe?" Na akacheka, mke wangu, alicheka mpaka akaegemea meza ya samaki. Ndiyo maana sikushtuka. Ningemwona anadhoofika ningelishtuka.

Ilikuwa asubuhi, jua limeshafika kwenye kizingiti. Alikuwa mlangoni pake, amebakiza ukanda wa chini wa kofia. Mimi nimeinama kwenye beseni naosha matembele.

"Bwana," akaniambia, "nipe ile..."

Nikangoja. Nikasema, "Nikupe nini?" Nilipogeuka, kofia ilikuwa chini, na sindano inaning'inia kwa uzi, na yeye ameegemea mwimo wa mlango upande wa kulia, jicho moja linanitazama. Alikuwa bado anajaribu kulitaja lile analolitaka. Halikuja neno. Mpaka leo sijui lilikuwa mkasi, au uzi, au maji ya kunywa.

Lori lilichelewa kwenye tope la Bunju. Alifika hospitali akiwa hai, akakaa siku mbili bila kusema, siku ya tatu asubuhi akafariki. Dresa alinisaidia kila kitu, hadi gari la kumrudisha. Tukamzika kwao Mlingotini. Kabla sijaondoka hospitali, dresa alikuwa amenishika mkono akaniambia, "Ukishatulia, utuletee vidonge vilivyobaki. Ni adimu. Na daktari angependa kuzungumza na wewe."

Baada ya arobaini nikaenda. Nilikaa kwenye benchi letu lilelile, kikopo cha bati mfukoni. Kulikuwa na mwanamke mmoja, rika la mke wangu, shingo imevimba, macho ndiyo yale. Akasogea.

"Karibu ukae, kaka."

Dresa akaja na kikopo kama changu, akaanza kumhesabia masharti yale yale. Nilikuwa nayafuata kwa midomo, nayajua kwa moyo. Kisha akaongeza lililokuwa jipya kwangu. "Na majani, mama. Kisamvu, matembele, mchicha. Usiyazidishe kuliko mazoea yako. Daktari amepata habari kwamba majani yanaipa damu nguvu ya kuganda, yanashindana na dawa."

Mwanamke akashtuka. "Lakini si umesema dawa inapunguza damu? Nisipokula majani nitapata wapi nyingine?"

"Haipunguzi wingi wake, mama. Damu inabaki kiasi kilekile. Inaifanya tu... isiwe..." Akazungusha mkono hewani, anatafuta.

"Inaizimua," nikasema.

Dresa akanigeukia. "Umesemaje?"

"Inaizimua damu. Kama tui."

"Enhe! Ndilo neno hilo. Inaizimua, mama, umeelewa? Kama tui." Mwanamke akasema sasa ameelewa. Dresa akanipa mkono. "Ahsante sana, mzee. Nimekuwa nalitafuta hili neno siku zote."

Mkono wangu ulikuwa wa baridi, nadhani alidhani ni wa msiba.

Akaniingiza kwa daktari. Daktari akasimama, akanipa pole kwa Kiswahili chake cha maneno mawili, akakaa. Mbele yake palikuwa na karatasi za mke wangu. Akasema, na dresa akatafsiri: "Anasema jambo hili linamsumbua. Vidonge aliongeza na kuongeza, na damu ikakataa. Anakuuliza, mkeo alikuwa akila majani kupita kawaida?"

Niliangalia zile karatasi. Nilimwona mke wangu ananionyesha anavyotafuna.

"Kidogo," nikasema. "Kama watu wote."

Dresa akatafsiri. Daktari akaandika. Lilikuwa neno fupi, aliliandika mara moja tu. Akafikiri, akasema maneno marefu.

"Anasema, kama ni hivyo, basi huenda dawa hii haiwafai watu wenye ugonjwa huu wa tezi. Itambidi amwachishe na yule mama pale nje, kabla hajaanza. Anasikitika, kwa sababu moyo wa yule mama ni mbaya kuliko ulivyokuwa wa mkeo, na hana kitu kingine cha kumpa." Dresa akanitazama kwa upole. "Lakini hataki kuamua kwa haraka. Anasema ukae nje, amalize wagonjwa wawili, kisha mkae pamoja mkumbuke siku kwa siku. Chochote utakachokumbuka kitasaidia."

Nikaweka kikopo mezani. Nikatoka, nikakaa. Mwanamke alikuwa ameshika kikopo chake kwa mikono miwili juu ya mapaja, kama mtu aliyepewa kifaranga. Mikono ilikuwa inatetemeka na kikopo kinalia.

"Kaka, umekuja kupima nini?"

"Nilileta vidonge vilivyobaki."

"Vya nani?"

"Vya mke wangu."

Uso wake ukafunguka. "Amepona?"

Jirani na lango kulikuwa na bomba la maji. Nikamwambia, "Nakwenda kunywa maji pale, nakuja."

"Haya, kaka. Nitakushikia nafasi yako."

Nikaenda bombani. Nikanywa kwa kiganja, nikaosha uso, nikafunga bomba vizuri lisidondoke. Nikapita langoni, nikashika njia inayokwenda kwenye malori ya Bagamoyo, na sikurudi tena.